Kisa cha M.: taima ililia vizuri tu, breki ndo zilikula usiku

## Hali ilivyokuwa

M. ni mtu mzima mwenye kazi ya kutwa na mtoto mdogo nyumbani. Alikuwa anajiandaa na mtihani wa kitaaluma wenye pepa mbili, moja takwimu na nyingine sheria, na alikuwa amebakiza wiki kumi. Kazi yangu ni kukaa na watu wa namna hii, wanaosoma huku wanafanya kazi, tunaangalia ratiba yao na kutafuta muda unapopotelea. Jina, kazi yake, chuo na kila kinachoweza kumtambulisha nimekitoa, na mwenyewe amelisoma andiko hili kabla halijatoka.

Tatizo lake alilieleza kwa kifupi sana: anakaa mezani saa moja na nusu usiku, anainuka saa nne, na ukimuuliza amesoma nini hana cha kukuonyesha. Siyo kwamba alikuwa analala au anaangalia tamthilia, hapana, kitabu kiko wazi mbele yake muda wote, ila anapanga meza, anachonga penseli, anapiga mistari kwa rangi tatu tofauti, anafungua sura ya tano anaona ngumu anarudi sura ya pili aliyokwisha kuielewa, mara anakumbuka kuna meseji hajajibu, na usiku umeisha. Alishajaribu kujilaumu, kujiwekea malengo makubwa, kubandika ratiba ukutani. Ratiba ilikuwa nzuri kweli, nimeiona, ila haikumsaidia kuanza.

Kitu cha kuelewa mapema kuhusu M. ni kwamba takwimu ilikuwa inamtisha na sheria ilikuwa inamchosha, na hayo ni magonjwa mawili tofauti. Tulichelewa kuyatenganisha na sehemu kubwa ya kisa hiki inatokana na hapo.

## Taima inaingia

Rafiki yake ndo alimpa wazo la taima: soma dakika 25, pumzika dakika 5, ukimaliza raundi nne pumzika dakika 15 mpaka 30. Njia hii ni ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, tena akiwa na shida ileile ya M. ya kukaa na vitabu bila kusoma. Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akajiwekea changamoto ya kusoma kweli kweli kwa dakika 10 tu. Hizo 25 zilikuja baadaye, baada ya kujaribu jaribu, kwa hiyo usizichukulie kama amri.

M. akaweka taima kwenye simu, akatenga daftari dogo la tiki, kila raundi tiki moja.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Yaani mtu aliyekuwa anazunguka mezani saa nzima kabla hajaanza, sasa anabonyeza simu na anaanza palepale, kwa sababu dakika 25 hazitishi. Hata pepa ya takwimu akawa anaifungua. Usiku mmoja tiki nne, Jumamosi tiki kumi, daftari linajaa, na yeye ananitumia picha za daftari akiwa na furaha yake. Niliuliza swali moja tu, kwamba kwenye hizo tiki kumi za Jumamosi ni maswali mangapi ya takwimu ameyamaliza mpaka jibu. Alijibu kwamba hakuhesabu maswali, alihesabu raundi.

## Jaribio la wiki ya nne, na usiku mmoja tulioupima

Wiki ya nne alikaa na mtihani wa nyuma wa takwimu nyumbani, bila kuangalia kitabu. Hakufika nusu. Hapo ndo akavunjika moyo kabisa, akasema njia yenyewe ni ya uongo, bora arudi kwenye kukaa masaa matatu mfululizo na kukomaa.

Kabla ya kutupa kitu nilimwomba usiku mmoja aandike saa halisi, siyo za taima, za ukutani: ameanza saa ngapi, kengele imelia saa ngapi, amerudi mezani saa ngapi. Hamna kingine. Akaleta karatasi hii, naiweka kama ilivyo:

Raundi ya kwanza imeanza saa 1:30 usiku, kengele 1:55. Kurudi mezani 2:17.
Raundi ya pili 2:17 mpaka 2:42. Kurudi mezani 3:05.
Raundi ya tatu 3:05 mpaka 3:30. Kurudi mezani 3:42.
Raundi ya nne 3:42 mpaka 4:07. Kulala.

Piga hesabu. Breki tatu zilitakiwa ziwe dakika 15 jumla, zimekuwa 57. Tiki ni nne, halali kabisa, hakudanganya hata moja, ila daftari la tiki haliwezi kukuonyesha hiyo 57 kwa sababu linahesabu raundi na breki hazina mahali pa kuandikwa.

Zilienda wapi? Tulipofuatilia, ni simu. Na siyo kwamba M. alikuwa anaamua kuchukua simu akaperuzi, hapana, ni kwamba taima yenyewe ilikuwa kwenye simu! Kengele inalia, anaichukua kuizima, kwenye kioo kuna notifikesheni za grupu la WhatsApp la wanaofanya mtihani uleule, mmoja ameuliza eti sura ya saba inatoka au haitoki, watu wanabishana, na M. naye ana maoni yake. Dakika 22. Aliyemwita kwenye grupu ni kengele iliyotakiwa kumpumzisha.

Kuna cha pili ambacho karatasi haikuonyesha, tulikipata kwa kuangalia madaftari yake ya mazoezi. Kulikuwa na swali moja la rigresheni, yaani la kutafuta mstari unaoonyesha y inavyobadilika na x, lile la kuchora jedwali lenye safu ya x, ya y, ya xy na ya x mraba, unajumlisha kila safu chini ndo unaingiza kwenye fomula. Jedwali hilohilo lilikuwa limeanzwa mara tatu kwenye kurasa tatu. La kwanza limekatika katikati ya safu ya xy, la pili limekatika kwenye safu ileile hatua chache mbele, la tatu ndo limefika kwenye jumla, nayo amekosea kwa sababu tarakimu moja aliinakili vibaya kutoka ukurasa wa nyuma. Kengele ilikuwa inamkuta katikati ya hesabu, anaacha kama alivyoambiwa, anarudi baada ya dakika ishirini na kitu kichwani mna mabishano ya sura ya saba, hakumbuki alikuwa wapi, anaanza upya. Raundi mbili na nusu kwa swali ambalo mtu aliyetulia analimaliza kwa dakika 20.

## Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoitupa taima, na tulibishana juu ya hili kuliko yote. M. alikuwa ameshasoma mahali kwamba ubongo unafanya kazi kwa mizunguko ya dakika 90, akataka raundi za 90. Wazo hilo lina historia yake, linatokana na Nathaniel Kleitman, mtafiti wa usingizi, aliyependekeza kwamba mzunguko tunaouona usiku tukiwa tumelala unaendelea na mchana, ila kutoka hapo mpaka kumwambia mtu aliyetoka kazini amechoka kwamba akae dakika 90 bila kuinuka ni safari ndefu. Hoja yangu ilikuwa rahisi: taima ilishatibu kuanza. Kabla yake alikuwa hasomi kabisa, sasa anasoma dakika 100 kwa usiku. Ukiweka 90 unarudisha kile kilima kilichokuwa kinamfanya achonge penseli.

La pili, simu itoke chumbani. Siyo iwekwe kimya, siyo igeuzwe kifudifudi, itoke. M. alipinga kidogo, kwamba akiizima sauti inatosha. Kuna utafiti wa mwaka 2017 wa Adrian Ward na wenzake uliokuta kwamba simu ikiwa tu juu ya meza, hata isipoguswa, watu wanafanya vibaya kidogo kwenye mazoezi ya akili kuliko ikiwa chumba kingine. Nilimwambia wazi kwamba waliorudia utafiti ule hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo simu ya M. haikutolewa kwa ajili ya Ward, ilitolewa kwa ajili ya karatasi ya usiku ule. Dakika 57 zilishasema. Akanunua kitaima kidogo cha kawaida, kile cha kuzungusha kwa mkono, kisicho na kioo wala grupu.

Na simu haiguswi hata kwenye breki fupi, mpaka breki ndefu. Hili ndo lilimuuma zaidi, aliuliza sasa breki ya dakika tano bila simu mtu anafanya nini. Anasimama, ananyoosha mgongo, anakunywa maji, anatoka nje anaangalia mbali, anamsalimia mtoto. Breki nzuri ni ile isiyokuachia kitu cha kuendelea kukifikiria. Ukijibu meseji unarudi mezani unasubiri jibu, ukikunywa maji husubiri kitu.

La tatu, kabla ya kuinuka kengele ikilia, andika mstari mmoja: nimefika wapi, hatua inayofuata ni ipi. Mfano halisi wa M.: "Safu ya xy imebaki mistari minne, kisha jumla, kisha fomula ya mteremko." Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla haijakamilika, sehemu ya akili inabaki kule alikotoka, na kazi mpya inaumia. Mwaka 2018 yeye na Theresa Glomb wakaonyesha kwamba kuandika kifupi ulipofika na utakachofanya ukirudi kunapunguza hiyo hali. Ni sekunde 30, na kwa M. ndo kitu kilichozuia jedwali la nne.

La nne, urefu wa raundi uende na aina ya kazi. Sheria ibaki 25 kwa 5, kwa sababu inachosha na inahitaji kukatwakatwa. Takwimu iende 50 kwa 10, ili swali moja au mawili yaanze na kuisha humohumo.

La tano, tiki ibadilike maana. Zamani tiki ilikuwa ni kengele imelia nikiwa nimekaa. Sasa kwenye sheria, dakika tano za mwisho za raundi unafunga kitabu, unachukua karatasi tupu, unaandika ulichosoma bila kuchungulia, alafu unafungua kuona umeacha nini. Hiyo ndo tiki. Kwenye takwimu, tiki ni swali lililofika kwenye jibu na likasahihishwa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu wasome, wengine wakarudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo waliongoza. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojipima ndo waliokuwa mbele. Mtihani wa M. ulikuwa wiki kadhaa mbele siyo dakika tano mbele, kwa hiyo uchaguzi haukuwa mgumu.

Kulikuwa na kitu kingine kidogo, karatasi ya pembeni ya mawazo yanayojileta yenyewe. Kulipa bili, kumpigia fulani, kuangalia kama mlango umefungwa. Unaandika neno moja unaendelea. Cirillo naye ana kitu kama hicho kwenye njia yake, na kwa M. kilifanya kazi siku ya kwanza, sina cha kuongeza.

## Mtoto, na raundi ya dakika 50

Mipango mizuri huwa inasahau kwamba nyumba ina watu. Kanuni ya Cirillo mwenyewe inasema raundi ikikatizwa imekufa, unaanza upya. Kwa mwanafunzi anayeishi peke yake sawa, ila M. ana mtoto anayekuja mlangoni, na usiku mmoja raundi tatu zilikufa mfululizo, akafunga kitabu kwa hasira.

Akapendekeza tuweke posi: mtoto akija anasimamisha taima, anamaliza shida, anaendelea. Ilidumu wiki moja. Tatizo la posi ni kwamba ukishaipata unaitumia na kwa mambo mengine, chai, mlango, kitu fulani cha haraka, na raundi ya dakika 25 ikawa inachukua dakika 40 kuisha. Tukaifuta.

Kilichofanya kazi ni kumpa mtoto kengele. M. alimwonyesha kile kitaima, akamwambia kikilia nakuja kwako, na akawa anaenda kweli, kila kengele, hata kama mtoto hamhitaji. Baada ya siku chache mtoto akawa anasubiri mlio, saa ingine anasimama mlangoni kimya anakiangalia kinavyorudi nyuma. Lazima niseme hili lilitegemea M. kutimiza ahadi kila mara, akiruka mara mbili tu mtoto angerudi kugonga.

Ila dakika 25 mtoto anaziweza, 50 haziwezi. Kwa hiyo raundi za takwimu zikagoma usiku, na baada ya kuvutana na ratiba tukazihamishia alfajiri, saa kumi na moja, raundi moja tu ya dakika 50 kabla ya kazi, siku nne kwa wiki. M. si mtu wa alfajiri na hakulificha hilo. Alikubali kwa sababu ni raundi moja, na kwa sababu usiku wa kuamkia siku hizo alikuwa anafanya raundi mbili tu za sheria badala ya nne ili awahi kulala. Watu wengi wanahamishia masomo alfajiri bila kupunguza usiku, na hapo huwa wanaiba usingizi wanajisifu kwa nidhamu.

## Matokeo

Tiki zilishuka. Kutoka nne kwa usiku mpaka mbili au tatu, na Jumamosi kutoka kumi mpaka sita. Ilibidi tuongee mara kadhaa kwamba hiyo siyo kurudi nyuma, maana daftari lilikuwa limeshakuwa sehemu ya furaha yake.

Wiki ya saba alirudia mtihani mwingine wa nyuma wa takwimu akapita nusu kwa nafasi nzuri. Breki tulizipima tena usiku mmoja, kwa saa ya ukutani vilevile, zilikuwa dakika sita, saba, tano. Siyo kamili, zinatosha.

Mtihani ulipofika, takwimu alipita. Sheria alikosa kidogo, ikabidi airudie awamu iliyofuata.

## Nini kilifanya kazi, nini kiligoma

Nianze na kilichogoma maana ndo chenye faida zaidi. M. alikuwa anaijua sheria. Nilikaa naye baada ya matokeo, ukimuuliza kipengele anakujibu, tofauti ya hiki na kile anaijua, karatasi zake za kujipima zilikuwa nzuri. Alichokieleza kuhusu chumba cha mtihani ni kwamba kwenye kama nusu saa ya kwanza alikuwa moto, alafu kichwa kikaanza kudai kusimama. Pepa ya masaa matatu, maswali ya kueleza, mkono unauma, na ndani yake kuna mtu anasubiri kengele isiyokuwepo. Swali la mwisho aliandika nusu ukurasa.

Ukiangalia mpango wote, hamna hata siku moja aliyokaa na sheria masaa matatu bila kuinuka. Takwimu angalau ilikuwa na raundi za 50 na mitihani miwili ya nyuma aliyoifanya kwa muda wake kamili. Sheria ilibaki kwenye vipande vya 25 mpaka usiku wa mwisho. Vipande ni vya kujifunzia, mtihani ni wa kustahimili, na mwili unajenga uzoefu wa kile unachoufanyisha kila siku. Kwenye awamu ya marudio aliendelea na 25 kwa 5 siku za kazi, ila wiki za mwisho kila Jumamosi alikaa na mtihani mzima wa nyuma, masaa matatu, kitaima kikiwa droo. Alipita. Siwezi kuzipa Jumamosi hizo sifa zote kwa sababu alikuwa anaisoma sheria kwa mara ya pili, lakini safari hii aliniambia swali la mwisho aliliandika mpaka mwisho.

Kilichofanya kazi bila ubishi ni kuanza. Hapo taima haina mpinzani kwa mtu wa aina ya M., kwa sababu inabadilisha swali kutoka "nitaimalizaje hii sura" kwenda "naweza kukaa dakika 25?" na jibu la hilo la pili karibu kila siku ni ndiyo.

Kwamba breki zenyewe zinaburudisha umakini, hapo nina tahadhari kidogo. Utafiti unaotajwa sana ni wa Atsunori Ariga na Alejandro Lleras wa mwaka 2011, ambapo watu walifanya kazi moja ya kuangalia kioo kwa muda mrefu, na waliopewa kusitisha kwa kifupi mara mbili ili wafanye kitu kingine kidogo hawakushuka kiwango kama wengine. Kuna mambo mawili watu huyaruka wanapoutaja. Kusitisha kule kulikuwa kufupi sana, hakukuwa robo saa ya kuskroli. Na kazi ilikuwa ya kuchosha kwa kujirudiarudia, ambayo inafanana zaidi na M. akisoma vifungu vya sheria kuliko M. akiwa katikati ya jedwali la rigresheni. Ndo maana urefu mmoja kwa kazi zote ulimfaa kwenye pepa moja ukamkwaza kwenye nyingine. Kwenye takwimu alikuwa hachoki, alikuwa anakatishwa.

Kwenye tiki, nadhani kosa la hesabu za M. ni la watu wengi. Raundi inahesabika kirahisi, kuelewa hakuhesabiki kirahisi, basi mtu anahesabu kinachohesabika. Kubadilisha maana ya tiki kulimuumiza wiki ya kwanza, ila kulimaliza ile hali ya Jumamosi ya tiki kumi bila swali hata moja lililofika mwisho.

Na ile karatasi ya saa za ukutani. Kati ya yote tuliyofanya, kilichogharimu kidogo na kutoa kikubwa ni hicho, usiku mmoja wa kuandika saa za kweli. Bila hiyo M. angeitupa taima kwa kosa la simu.

## Kama hali yako siyo ya M.

Kuna watu shida yao siyo kuanza. Wakishaingia wanazama, masaa mawili yanapita hawajui, na hao taima ya dakika 25 inawasumbua bure. Mtu wa hivyo awe na kengele moja tu ya kumwambia ale au alale, alafu aandike ule mstari wa "nimefika wapi" mara moja, mwisho wa siku.

Wengine breki zao ziko sawa, simu iko mbali, ila raundi zenyewe ni tupu, macho yanapita kwenye maneno. Kwa hao kubadilisha dakika hakusaidii chochote, wahamie moja kwa moja kwenye kufunga kitabu na kuandika, hata kila baada ya dakika kumi.

Na kama una watu nyumbani, chagua urefu wa raundi kwa kuangalia wao wanaweza kusubiri muda gani, kisha ndo uangalie wewe unaweza kukaa muda gani. Namba ndogo kati ya hizo mbili ndo raundi yako ya usiku. Kazi inayotaka raundi ndefu kuliko hapo itafutie saa ambayo wamelala.